Mtu Aliyeanza Mbio Ndefu Ukubwani

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

 Sogeeni karibu na redio. Mwenye karatasi ya somo hili aifungue mbele yake, afuate maneno kwa kidole polepole. Neno likikushinda, lipite. Mwalimu wako atalirudia pamoja nawe somo likiisha.

Juma lililopita tulipata barua fupi kutoka kwa mwanafunzi mmoja. Aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa kubwa, na hilo peke yake lilitufurahisha. Anasema ana umri wa miaka 41. Watoto wake wanasoma vitabu vinene, na yeye ndiyo kwanza anasoma majina ya maduka barabarani. Mwisho wa barua anauliza hivi: "Je, mtu wa umri wangu akianza safari ndefu, atafika?"

Swali hili ningeweza kulijibu kwa methali, nazo tunazo nyingi. Lakini leo nataka tulijibu kwa historia. Tutasoma habari za mbio moja za Afrika ya Kusini, na za mkulima mmoja aliyeziingia akiwa mtu mzima, wala hakuwa mkimbiaji mwenye sifa. Tutaona pia kwamba mbio hizo zina mizizi hapa kwetu, katika njia ambazo wazee wetu walizipita wakiwa na mizigo kichwani.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Mbio za marathoni zina urefu wa kilomita 42 na mita 195. Mbio zinazozidi urefu huo huitwa ultramarathoni. Hizi za leo zinaitwa Comrades, maana yake ni wenzi, watu waliopata taabu pamoja. Hukimbiwa baina ya miji miwili: Durban, ulio pwani, na Pietermaritzburg, ulio juu upande wa bara. Mwaka mmoja watu hupanda, na kwa kawaida mwaka unaofuata hushuka. Urefu wake ni kilomita 90 hivi, yaani marathoni mbili na zaidi kidogo. Ni mbali kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo. Tena njia si tambarare. Ni mlima baada ya mlima, na kando yake liko bonde ambalo watu wameliita Bonde la Milima Elfu.

Vita vilivyopita katika nchi yetu

Mwaka 1914 wakubwa wa Ulaya walianza kupigana. Nchi yetu wakati ule ilikuwa chini ya Wajerumani, au Wadachi kama wazee wetu walivyowaita, na jirani zetu wa Kenya walikuwa chini ya Waingereza. Ugomvi wa watu wa mbali ukaletwa mpaka mashambani mwetu.

Mwaka 1916 Jemadari Smuts wa Afrika ya Kusini aliingia kwa upande wa Kilimanjaro akiwa na majeshi mengi. Mwezi wa Agosti mwaka huo Morogoro ulitekwa, na mwezi wa Septemba ukatekwa Dar es Salaam. Lakini jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, pamoja na askari wake Waafrika, hakukamatwa. Alipigana akirudi nyuma, akapigana tena akirudi nyuma, mpaka Novemba 1918 aliposalimisha silaha huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, katika Zambia.

Kumfuata adui wa namna hiyo ni kutembea tu. Miongoni mwa waliotembea alikuwamo askari mmoja wa miguu, jina lake Vic Clapham. Alizaliwa London mwaka 1886, akakulia Afrika ya Kusini, na kazi yake ya siku zote ilikuwa kuendesha treni. Katika nchi hii alitembea maili 1,700 hivi, yaani kilomita 2,700. Alikutana na jua, matope na njaa. Mbung'o waliua farasi na nyumbu wa jeshi. Malaria na kuhara damu viliwaangusha watu wengi kuliko risasi.

Sasa tujiulize jambo moja. Wanyama walipokufa, nani aliyebeba chakula, risasi na mahema? Walibeba watu. Waingereza peke yao walikusanya wapagazi mamia ya maelfu, na wengi wao walichukuliwa kwa nguvu. Waliokufa huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi katika hao hawakuandikwa majina yao popote. Jeshi hilo la wapagazi liliitwa na Waingereza Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi nako wakalitamka Kariokor. Basi, unaponunua nyanya sokoni Kariakoo, jua kwamba mahali pale pana jina la wapagazi wa vita. Wekeni jambo hili moyoni. Tutalirudia kabla ya kuagana.

Dereva wa treni na paundi moja

Vita vilipokwisha, Bwana Clapham alirudi kwenye treni zake. Lakini hakuwasahau wenzake waliokufa. Alitaka wakumbukwe kwa jambo linalofanana na taabu yao, yaani safari ndefu ya miguu. Fikira yake ilikuwa rahisi. Kama watu wa kawaida, waliotolewa madukani na maofisini wakatiwa jeshini, waliweza kutembea vile, kwa nini mtu aliyejizoeza asiweze kukimbia kutoka mji mmoja hadi mwingine?

Aliomba ruhusa kwa chama cha askari wa zamani mwaka 1918. Akakataliwa. Akaomba mwaka 1919, akakataliwa tena. Viongozi waliona mbio hizo ni kuwatesa watu bure. Mwaka 1921 walikubali, wakamkopesha paundi 1 kwa gharama zake.

Tarehe 24 Mei 1921 watu 34 walisimama Pietermaritzburg tayari kushuka Durban. Barabara nje ya miji ilikuwa ya udongo na vumbi. Walipewa muda wa saa 12. Waliofika walikuwa 16, na wa kwanza alikuwa Bill Rowan, kwa muda wa saa 8 na dakika 59. Wote walikuwa watu wa ridhaa, yaani waliokimbia bila mshahara, kila mmoja akiwa na kazi yake nyingine. Na wote walikuwa wanaume weupe. Hili nalo liwekeni moyoni.

Mkulima wa miaka 39

Sasa tumfikie mtu wetu. Jina lake Arthur Newton. Alizaliwa Uingereza tarehe 20 Mei 1883, akaja Natal, akawa mkulima karibu na Harding. Hakuanza kukimbia kwa ajili ya afya wala kwa mapenzi ya michezo. Alikuwa na ugomvi na serikali. Serikali ilikuwa imepanga kwamba ardhi ya upande ule iwe ya makazi ya Waafrika. Newton aliona shamba lake limepoteza thamani, akadai fidia, asisikilizwe. Akawaza hivi: mkulima analalamika na hakuna anayemjali, lakini mshindi wa michezo hutajwa katika kila gazeti. Nikishinda mbio hizi mpya, labda watanisikia.

Wanafunzi wenzangu, tusimfanye malaika. Sheria ya ardhi ya mwaka 1913 ilikuwa imekwisha kuwazuia Waafrika kununua ardhi katika sehemu kubwa kabisa ya nchi yao wenyewe. Newton alilalamikia shamba moja. Waliokuwa kando yake walikuwa wamenyang'anywa nchi. Historia hutufundisha kumpa mtu sifa anayostahili bila ya kufumba jicho la pili.

Na sifa anayostahili Newton ni hii. Tarehe 1 Januari 1922, akiwa na miaka 38, alivaa nguo za kukimbilia akatoka nyumbani. Alikimbia maili 2 tu, kama kilomita 3 hivi. Alirudi misuli imekakamaa, miguu inauma. Na mbio alizokuwa akizitaka zilikuwa na maili zaidi ya 50! Hebu fikirini. Mtu ameshindwa na kibaba, naye anataka kubeba gunia.

Alifanya nini? Hakukimbia kwa hasira ili auvunje mwili. Alipunguza mwendo. Akakimbia kila siku, polepole, akiongeza umbali kidogo kidogo, na mahali palipomshinda akatembea. Aliona kwamba mwili wa mtu mzima haukatai kazi ndefu. Unachokataa ni kushtushwa. Kwa hiyo aliacha kasi ije yenyewe, na akili yake yote akaitia katika kuzoea. Njiani alipenda kunywa maji ya limau yaliyotiwa sukari na chumvi. Akina mama waliowahi kuwanywesha watoto wa kuhara maji ya sukari na chumvi wataona kwamba hiyo si dawa ya uganga. Mtu anayetoka jasho jingi hupoteza maji na chumvi, na vyote viwili lazima virudishwe.

Siku ikafika, tarehe 24 Mei 1922. Siku 4 tu zilikuwa zimepita tangu Newton atimize miaka 39, na tangu zile maili 2 za kwanza ilikuwa haijatimia miezi 5. Safari hii mbio zilitoka Durban kupanda Pietermaritzburg. Newton alishinda, kwa muda wa saa 8 na dakika 40. Huo ni upungufu wa dakika 19 kwa muda wa mshindi wa mwaka uliotangulia, ingawa mwenzake alishuka na yeye alipanda.

Tufanye hesabu kidogo. Muda huo ni sawa na kilomita 10 hivi kwa kila saa. Watu wengi wenye afya, wakijizoeza, wanaweza kukimbia mwendo huo kwa saa moja. Kazi ni kuendelea nao saa ya pili, ya tatu, mpaka ya nane na zaidi. Kwa hiyo Newton hakuwashinda wenzake kwa wepesi wa miguu. Aliwashinda kwa kutokoma.

Mwaka 1923 alishinda tena, sasa kwa saa 6 na dakika 56. Akashinda mwaka 1924, na 1925, na 1927. Lakini ugomvi wake na serikali haukuisha kama alivyotaka, na mwaka 1925 alihamia Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Alizipata sifa alizozikimbilia. Haki aliyoidai hakuipata kwa njia hiyo. Hata hivyo hakuacha kukimbia. Mwaka 1934, akiwa na miaka 51, alikimbia maili 100 katika barabara ya kutoka Bath kwenda London kwa muda wa saa 14 na dakika 6. Alikufa mwaka 1959. Katikati ya njia ya Comrades pana mahali palipochimbika ukingoni mwa barabara, panapoitwa Kiti cha Arthur. Inasimuliwa kwamba alikuwa akipumzika hapo, na hata siku hizi wakimbiaji wakipita humwamkia.

Waliokimbia bila ya kuandikwa

Hapo ndipo wengine hufunga kitabu. Sisi tuendelee mbele kidogo.

Mwaka 1923 mwanamke mmoja, Frances Hayward, aliomba kuingia katika mbio. Akakataliwa, kwa sababu ni mwanamke. Alikimbia hivyo hivyo, akafika kwa muda wa saa 11 na dakika 35, ndani ya muda uliowekwa. Medali hakupewa. Watazamaji waliona haya, wakachanga fedha wakamnunulia zawadi, vikiwamo vyombo vya chai.

Mwaka 1935 Mwafrika mmoja, Robert Mtshali, alisimama pamoja na wakimbiaji weupe. Jina lake halikuwamo katika orodha, kwa kuwa sheria ya mbio haikumruhusu mtu mweusi. Naye alikimbia hivyo hivyo. Alifika kwa muda wa saa 9 na dakika 30. Milima ilikuwa ile ile na vumbi lile lile. Lakini katika hesabu ya mbio za mwaka ule hakuwamo.

Sasa mnaona kwa nini niliwaambia muwakumbuke wapagazi. Mbio za Comrades zilianzishwa ili waliotembea katika nchi yetu wasisahauliwe. Lakini waliokumbukwa ni wale waliokuwa na majina katika daftari. Aliyembebea askari sanduku la risasi kutoka Morogoro kwenda Rufiji alitembea njia hiyo hiyo, na mzigo juu. Nani aliyemkimbilia yeye? Na watoto wa Afrika walipotaka kukimbia, wakaambiwa kwamba ukumbusho huo si wao.

Haya yalidumu miaka mingi. Mwaka 1975, mbio zilipofanywa mara ya 50, ndipo watu wa rangi zote na wanawake waliporuhusiwa kuandikishwa. Mwaka huo Vincent Rakabaele, mtu wa Lesotho, alikuwa wa 20, akawa mtu mweusi wa kwanza kupewa medali ya Comrades. Kutoka Mtshali hadi Rakabaele ni miaka 40. Mtoto aliyezaliwa siku ile Mtshali alipokimbia alikuwa sasa na umri wa mwandishi wa barua yetu, akikosa mwaka mmoja tu.

Siku moja ya mwaka 1989

Nataka kumaliza kwa siku moja. Ni mwezi wa Mei mwaka 1989. Sheria za ubaguzi zilikuwa bado zipo Afrika ya Kusini, na Nelson Mandela alikuwa bado kifungoni. Mbio zilianza alfajiri. Aliyetangulia kufika alikuwa Sam Tshabalala, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda Comrades.

Saa zikapita, watu wakaendelea kuingia uwanjani mmoja mmoja, wengine wakichechemea. Muda wa mwisho uliowekwa siku ile ulikuwa saa 11. Zilipokuwa zimebaki dakika 2 tu, na hata hazikutimia, aliingia mzee mmoja akijikokota, miguu haimtii tena. Alikuwa Wally Hayward. Mbio hizi alizishinda mara ya kwanza mwaka 1930, akiwa kijana wa miaka 21. Sasa alikuwa na miaka 80. Alifika kwa muda wa saa 10 na dakika 58.

Siku hizi maelfu ya watu hukimbia Comrades kila mwaka, wake kwa waume, wengi wao wakiwa wenye umri wa makamo na kazi zao za kila siku. Anayefika katika saa ya mwisho, kati ya saa 11 na saa 12, hupewa medali yenye jina la Vic Clapham, yule dereva wa treni. Na tangu mwaka 2019 anayefika kati ya saa 9 na saa 10 hupewa medali yenye jina la Robert Mtshali. Wakati huo ilikuwa imepita miaka 84 tangu akimbie bila ya kuandikwa. Leo jina lake limeandikwa katika chuma, na watu wa rangi zote hulitolea jasho.

Jibu la barua

Sasa, ndugu yetu uliyetuandikia, nakujibu. Ndiyo, mtu wa umri wako akianza safari ndefu anaweza kufika. Lakini shika mambo mawili kutoka somo hili.

La kwanza ni la Newton. Usiuonee haya mwanzo mdogo. Maili 2 zilimuumiza mtu ambaye baadaye alikimbia 100. Soma kila siku, hata kama ni mistari mitano. Ukichoka, punguza mwendo, lakini usikae chini. Na kwa wale ambao somo hili limewatia hamu ya kukimbia kwa miguu hasa, nawaomba wasitoke kesho asubuhi kutafuta kilomita 90. Mwone mganga wa hospitali kwanza akupime, kisha anza kwa kutembea.

La pili ni la Mtshali na la wapagazi, nalo ni zito zaidi. Kufika si lazima kuwe kukumbukwa. Wengi walifika, na kwa kuwa kalamu ilikuwa mikononi mwa wengine, ni kama hawakutoka nyumbani. Hii ndiyo faida ya zile herufi kubwa kubwa ulizotuandikia. Anayejua kuandika anaweza kutengeneza orodha yake mwenyewe.

Kwa hiyo kazi ya juma hili ni moja, na kila mwanafunzi aifanye kwa mkono wake. Nenda kwa mzee wa kwenu, au kwa mtu yeyote anayejua habari za ukoo. Mwulize: nani katika watu wetu alitembea mbali? Labda alikuwa mpagazi, labda alikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge, labda ni bibi aliyebeba mgonjwa mgongoni mpaka hospitali. Uliza alitoka wapi, alikwenda wapi, na alibeba nini. Kisha andika jina lake katika daftari lako. Ukiweza, andika sentensi tatu. Kama ni jina tu unaloweza kuandika, liandike hilo, na uliandike vizuri.

Darasani mtasomeana majina hayo kwa sauti, kila mtu na lake, na mwalimu asikatize mpaka la mwisho lisomwe.

Tutaonana tena redioni juma lijalo, saa kama hii. Kwaherini.